Mbwa anayebwekea bodaboda akiwa ndani ya gari

Bodaboda inapita ubavuni mwa gari, mbwa anabweka, bodaboda inatokomea. Kwa hesabu ya mbwa, yeye ndiye aliyeifukuza. Kwenye jamu ya Kampala anapata ushindi huo tena na tena katika safari moja, ndiyo maana tabia hii hukomaa upesi. Kumfokea hakusaidii: anaona na wewe umeungana naye.

Kwanza hakikisha si kichefuchefu. Mbwa anayedondosha mate, kupiga miayo na kulambalamba midomo hata kabla gari halijatoka getini anaumwa tumbo au anaogopa. Asile chochote kwa muda wa saa 3 hadi 4 kabla ya safari. Akiendelea kutapika, mwone daktari wa mifugo kabla ya mazoezi yoyote.

Akae kiti cha nyuma, amevaa mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa gari. Usimfunge kwa kola ya shingoni, kwani breki ya ghafla itamuumiza koo. Kamba imruhusu kuketi na kulala, isimfikishe dirishani. Kipande cha leso kwenye vioo vya pembeni vya nyuma humpunguzia mengi ya kubwekea.

Zoezi lenyewe huanza gari likiwa limesimama. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, uyakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Egesha kama mita 50 kutoka steji ya bodaboda, injini imezimwa. Bodaboda ikitokea na masikio yakasimama, mpe kipande kabla hajafungua kinywa, kisha kingine na kingine mpaka ipite. Ikishapita, maini yanakoma. Mpangilio huu ndio roho ya zoezi: bodaboda kwanza, maini baadaye. Mkono ukitangulia mfukoni, atautazama mkono, na bodaboda itabaki adui yake.

Dakika 5 mara mbili kwa siku zinatosha. Siku atakapoiona bodaboda na kugeuka mwenyewe kukutazama, sogea mita 10. Akibweka, au akikataa maini anayoyapenda, umekaribia mno. Rudi nyuma bila kumgombeza. Kola za kumpiga shoti ziache kabisa: maumivu yanayokuja pamoja na bodaboda yanamthibitishia kwamba bodaboda ni hatari.

Baada ya hapo washa injini mkiwa mmesimama, kisha endesha polepole kwenye barabara tulivu, Jumapili asubuhi kwa mfano. Muwe wawili, dereva aendeshe tu na mwenzake alishe.

Namawojjolo na Lukaya, masoko ya kando ya barabara kuu zitokazo Kampala, ziwe za mwisho kabisa. Wachuuzi wanaokimbilia dirishani na mishikaki ya kuku na gonja (ndizi za kuchoma) ni mtihani mgumu kuliko bodaboda, kwa sababu wao hawapiti, wanabaki hapo hapo. Mkitaka kununua, egesheni mbele, mmoja ashuke na mwingine abaki na mbwa.

Mkifika nyumbani, mlango usifunguliwe akiwa anabweka. Subiri anyamaze kwa sekunde 3, ndipo ufungue. Watoto waambiwe mapema, maana mara nyingi wao ndio wanaokimbilia mlango. Jua likiwa kali teremsha vioo kidogo mnaposubiri, na usimwache peke yake humo hata kwa dakika chache.