Kumzoesha mbwa kutembea bila kuvuta kamba

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mbwa wako wa miaka miwili anakuvuta hadi bega linauma, na kwamba umeshauriwa umnunulie mnyororo wa kubana shingo. Nakusihi usiununue. Niliwahi kuutumia kwa jike wangu mwenye nguvu nyingi. Alikohoa, akatulia hatua chache, kisha akaendelea kuvuta vilevile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa anapovuta akiwa amevaa kola, shinikizo ndani ya macho yake hupanda, jambo ambalo halikujitokeza alipovaa mkanda wa kifuani. Nilimvalisha mkanda wa aina hiyo wenye pete kifuani na mgongoni, nikafunga kamba kwenye pete ya kifuani, ili kila anapovuta mwili wake ugeukie upande wangu. Hata hivyo, mkanda peke yake humpunguzia nguvu tu, haumfundishi.

Nilichelewa kuelewa kwamba mwalimu wa kuvuta nilikuwa mimi mwenyewe, kwa sababu kila alipovuta nilimfuata, naye akafika alikotaka. Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza majaribio yake ya paka waliojifunza kufungua masanduku ili watoke, na kiini chake ndicho hiki: tendo linaloleta matokeo mema hurudiwa. Basi nikaweka sharti moja, kwamba kamba ikikaza nasimama, na ikilegea tunaendelea. Siku ya kwanza tulitumia karibu nusu saa kufika kona iliyo karibu. Sikumvuta arudi, kwa kuwa mbwa akivutwa hujikaza upande wa pili. Nilisimama kimya nikingoja, na mara tu alipogeuka kunitazama, kamba ikalegea, nilimsifu na kumpa kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa ukucha. Nyama hiyo nilimpa karibu na mguu wangu wa kushoto, maana anapopewa ndipo anapopenda kuwa, na nilimpa papo hapo, kwa kuwa ukichelewa hata sekunde chache atadhani amepewa kwa ajili ya jambo jingine.

Wiki ya tatu tulirudi nyuma sana, na kosa lilikuwa langu. Asubuhi nilizokuwa na haraka nilimwacha avute, nikiamini kwamba mara moja haidhuru. Kumbe tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kufutika kuliko inayolipwa kila mara, kwani mnyama hujifunza kutokata tamaa. Dawa niliyoipata ni kutenganisha mambo mawili: pete ya kifuani ikawa ya mafunzo, ambayo sharti halivunjwi na mtu yeyote wa nyumbani, na pete ya mgongoni ikawa ya siku za haraka. Baada ya muda alizitofautisha bila shida.

Kamba iwe ya kawaida, ya mita 2 hivi. Ile inayojikunja yenyewe ndani ya kishikio haifai, kwa sababu humkaza mbwa muda wote na hivyo kumzoesha kuhisi mvuto kila anapotembea.

Usimnyime kunusa. Kwa mbwa kunusa ndiyo matembezi yenyewe, nami niligeuza kunusa huko kuwa ujira: akitembea hatua kumi kamba ikiwa legevu, namwambia "haya, nusa," na tunasimama penye kichaka hadi atosheke. Kwa jike wangu ujira huu ulifanya kazi kuliko nyama.

Anza ndani ya nyumba, dakika tano hadi kumi kwa mara moja, kisha uani, na barabarani mwisho. Mkifika barabarani, mtazame anavyopokea nyama: akiikataa ilhali nyumbani huipokea kwa pupa, huenda yaliyo mbele yake, mara nyingi mbwa mwingine, yamemzidi. Hapo usimlazimishe apite karibu. Vuka upande wa pili au rudi nyuma mpaka aweze kula tena, na muanzie umbali huo.