Ekzosi imekatwa, nguvu zimepotea: ni presha au ni kabureta?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Malindi hapa Maweni, nina Honda CG125 ya zamani niliinunua Nairobi, injini yake nzima haijawahi kuguswa. Sasa chumvi ya huku waijua, sailensa ililiwa na kutu ikatoboka kwa chini, nikampelekea jamaa wa kuchomelea akaikata yote akanitilia bomba wazi. Sauti tamu sitadanganya, lakini tangu hapo nikibeba abiria na mzigo wake, ile kupanda baada ya daraja la Sabaki kwenda Mambrui lazima nishushe gia, na nikiachia mafuta inapiga pa! pa! huko nyuma watu wanageuka. Asubuhi bila choki haiwaki. Plagi nikifungua nyeupe. Fundi mmoja aniambia injini imekosa presha ya ekzosi, atanitilia washa, kile kipande cha chuma cha duara chenye tundu, ndani ya bomba izibe kidogo. Mwengine asema wapi, hio ni kabureta. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba kaka. Huyo wa kabureta ndie yuko karibu, ingawa wa washa naye hakubahatisha kila kitu, ameona dalili ya kweli akaipa sababu siyo.

Injini haihitaji kuzibwa nyuma, hakuna injini inayofurahia kusukuma moshi kwa nguvu. Kinachotokea ni hivi. Valvu ya ekzosi ikifunguka moshi unatoka kwa kishindo, na kile kishindo kinakimbia ndani ya bomba kama wimbi, kikifika kwenye mdomo wazi kinarudi nyuma kikiwa mvuto badala ya msukumo. Kikirudi wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo kwa pamoja, kinasaidia kutoa moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya kuingia, injini inapata nguvu. Kikirudi wakati mwengine kinaharibu, saa nyengine hata moshi unarudishwa ndani ya silinda. Sasa wakati wa kurudi unategemea urefu na upana wa bomba na injini inazunguka kasi gani. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 walikuwa wanafikiria nchi kama zetu, mzigo na barabara mbovu na matunzo ya kubahatisha, ndio maana wakatia injini ya pushirodi, vile vijiti vya kusukumia valvu, na wakapanga kabureta, kamshafti inayofungua valvu na ekzosi zifanye kazi pamoja ivute vizuri chini chini. Wewe umetoa kimoja katika hivyo vitatu. Vile viwili vilivyobaki bado vinafanya kazi kama vile sailensa iko.

Kwa hivyo nguvu ya chini umepoteza kidogo kwa sababu ya bomba lenyewe, hapo wa washa ana haki yake. Lakini hasara kubwa ni mafuta. Bomba likiwa wazi injini inapumua zaidi, hewa inayopita kwenye kabureta imeongezeka lakini jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta, tundu zake ni zile zile, na kabureta ikipangwa sawasawa huwa haina ziada kubwa ya mafuta ya kukugaia. Ni kama kuongeza watu kwenye sinia la biriani bila kuongeza wali. Petroli inaungua kikamilifu kwa uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, na nguvu nyingi hupatikana mafuta yakizidi hapo kidogo, kama 13 kwa 1 hivi. Wewe uko upande wa pili, mchanganyiko wako mkavu, yaani hewa nyingi mafuta machache. Plagi nyeupe ni hio, choki kila asubuhi ni hio, na ule mlio ukiachia mafuta mara nyingi ni huo huo pia, mchanganyiko ukiwa mkavu mno unashindwa kuwaka ndani ya silinda, unatoka mbichi mpaka kwenye bomba la moto unakutana na hewa unawaka huko.

Na kuna jambo hukulitaja lakini umelisema bila kujua, pikipiki ilitoka Nairobi. Kule ni juu ya bahari karibu mita 1,700, hewa yake nyepesi kuliko ya hapa Malindi kwa asilimia 15 hivi. Mtu aliyekuwa na fundi mzuri Nairobi huenda alishusha jeti, yaani alitia yenye tundu dogo zaidi, ili isichafue plagi, kule ikawa sawa, wewe umeileta ufuoni ambako hewa ni nzito, ikawa kavu hata kabla ya msumeno kugusa sailensa. Kwa hivyo kitu cha kwanza fungua bakuli la kabureta usome namba ya jeti kubwa, ulinganishe na ya kiwandani kwa modeli yako. Ikiwa ndogo, rudisha ya kiwandani kwanza kabla ya kufikiria kupandisha.

Ila kabla hujanunua jeti yoyote, tafuta uvujaji. Pikipiki ya umri huo orini, ile ringi ya mpira, ya pale kabureta inapokutana na kichwa cha silinda huwa imekauka imekuwa kama plastiki, hewa inaingia pembeni bila kupita kabureta na hakuna jeti itakayotibu hio. Washa injini iachie ingurume pole pole, chukua chupa ya kupulizia maji ya sabuni, puliza kwenye hio jointi huku unasikiliza, ukisikia mngurumo umebadilika ndipo hapo. Alafu angalia ringi ya shaba pale bomba la ekzosi linapoingia kwenye silinda. Jamaa wa kuchomelea wengi wanarudisha ringi ya zamani iliyobanika tayari, inavuja, na kati ya kishindo kimoja na chengine bomba linanyonya hewa kupitia kwenye huo ufa, basi hata mchanganyiko ukiwa sawa utapata pa pa pa. Ukiona masizi meusi yamezunguka hio jointi ujue inavuja. Ringi ni bei ya chai, weka mpya.

Ukishamaliza hayo ndio tuje kwenye kutuni. Bandika plasta nyeupe kwenye mkono wa mafuta na nyengine kwenye nyumba yake, weka alama ya robo, nusu na robo tatu, maana watu wanasema tu "inakosa nguvu" na kabureta inataka kujua inakosa ukiwa umefungua kiasi gani. Kuanzia imefungwa mpaka robo hivi ni kazi ya jeti ndogo na skurubu yake, kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano inayopanda na pistoni ya kabureta, na kutoka hapo kwenda mwisho ni jeti kubwa. Wewe wa kubeba abiria mjini saa zako nyingi ziko kwenye sindano, lakini watu wote wanakimbilia jeti kubwa, sijui kwa nini, pengine kwa sababu ndio rahisi kuifikia.

Hata hivyo anza na jeti kubwa uithibitishe. Alfajiri barabara ya kwenda geti la Sala, Tsavo, haina watu, peleka gia ya tatu au ya nne mkono wote kwa muda kidogo, alafu kwa pamoja kamata klachi na zima swichi, usiachie ikanguruma, jiachie usimame pembeni. Ngoja ipoe kidogo maana inaunguza, fungua plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni sawa, nyeupe panda jeti hatua moja, nyeusi ya masizi shuka. Hatua moja tu kwa wakati, kama ilikuwa 95 weka 98 au 100, usirukie 115 kwa sababu duka lilikuwa na hio peke yake. Na usichanganye za Keihin na za Mikuni ukidhani namba ni namba, hawapimi kwa njia moja.

Sindano nayo ina klipu kwenye mifereji juu. Klipu ikishuka mfereji mmoja sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Kwa bomba wazi mara nyingi mfereji mmoja unatosha. Mwisho ni ile skurubu ya jeti ndogo, hio iko mbavuni mwa kabureta, na hapa watu wanakoseana sana: ikiwa iko upande wa eakilina, yaani chujio la hewa, inapima hewa, ukiingiza ndani mafuta yanaongezeka, ikiwa iko upande wa injini inapima mafuta, ukitoa nje ndio yanaongezeka. Ingiza mpaka iguse taratibu bila kukaza, toa kama mizunguko miwili, alafu injini ikiwa moto tafuta pale inaponguruma juu na laini kabisa. Ikiwa ni ile ya upande wa injini na umeitoa mizunguko mitatu na bado inataka, jeti ndogo ndio ndogo mno.

Ushauri wangu lakini, kwa kazi yako ya boda, tafuta sailensa yenye umbo la kiwandani. Injini ya CG imeigwa na Wachina mpaka basi, sailensa za namna hio ziko kila duka la spea, utahangaika na mkono wa kushikia tu. Jeti zitarudisha mafuta, ule mvuto wa chini wa kumpandisha abiria Sabaki hautarudi wote na bomba wazi. Washa usitie. Itaziba kote kote, hata pale ambapo injini inataka kupumua.

SWALI: Fundi hujambo. Niko Mokowe, nina Yamaha DT ya zamani, ile ya kuchanganya oili. Imepoteza mbio pole pole, moshi mwingi, plagi inanata nyeusi. Fundi alishusha jeti ikapata afadhali, sasa imeanza tena. Nishushe nyengine?

JIBU: Usishushe chochote! Hio ni tustroki, haina valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi kama za ile CG, na lile bomba lake lenye tumbo ndilo linalorudisha mafuta mabichi ndani ya silinda kabla tundu la kutolea moshi halijafungika. Miaka yote hio oili imeganda ndani na kwenye mdomo wa silinda, ekzosi imeziba, moshi hautoki, mchanganyiko mpya haupati nafasi. Kwenu huko presha ya ekzosi kweli imezidi. Vua bomba, toa sailensa ya nyuma, kwangua masizi kwenye mdomo wa silinda kwa kijiti cha mbao pistoni ikiwa chini kabisa ili usiichune. Bomba la chuma unaweza kuliloweka kwa kostik soda, vaa glavu na miwani, na usiguse nayo kitu cha aluminiamu maana inakila.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishasafisha itapumua kama mpya, na ile jeti iliyoshushwa itakuwa ndogo mno. Rudisha ya kiwandani siku hio hio kabla hujaenda popote. Tustroki ikikosa mafuta inakosa na oili pia kama unachanganya tangini, pistoni inapata moto inajam, na itajam ukiwa kasi katikati ya njia ya Mokowe kwenda Hindi.

SWALI: Jeti nyengine siipati, naweza kutanua hii niliyonayo kwa sindano ya kushonea?

JIBU: Hapana. Tofauti ya namba moja na ya pili ni sehemu ya mia ya milimita kadhaa, na tundu likiwa na mkwaruzo mafuta hayapiti sawa. Agiza Mombasa, basi la jioni litakuletea.