Barua kwa mwanangu: chiriku wa Hinkemann

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza: ikiwa baada ya vita ya 1914 hadi 1918 tamthilia za Kijerumani zilijaa wanaume waliovunjika, ilikuwaje kufikia 1933 anayesimama jukwaani awe mwanamume wa chuma? Nani alimbadilisha?

Niruhusu nianze na Hinkemann, askari aliyerudi vitani katika tamthilia yenye jina lake, maana huyu nampenda. Mwandishi Mjerumani Ernst Toller alimwandika akiwa gerezani. Toller alijitolea mwenyewe kwenda vitani, akarudi afya imemharibikia, kisha akafungwa miaka 5 kwa kushiriki mapinduzi ya Bavaria ya 1919. Mchezo ulionyeshwa kwanza Leipzig, 1923. Hinkemann karudi, risasi imemkata uume. Jogoo hapandi tena mtungi, kama wasemavyo watu wazima. Na tazama uchungu wa jina: rafiki anayemchukulia mkewe, Grete, anaitwa Grosshahn, yaani Jogoo Mkubwa.

Mchezo unaanza Hinkemann ameshika chiriku mkononi. Mama mkwe amempofua ndege huyo kwa sindano ya moto, eti kipofu huimba vizuri zaidi. Hinkemann anakiri kwamba zamani, alipokuwa mzima, asingejali hata kidogo. Sasa, akiwa kilema, anaona ni mauaji. Hapo nilikiweka kitabu chini, nikakaa kimya muda mrefu.

Baadaye shida inampeleka kwenye kibanda cha maonyesho. Kazi yake ni kung'ata koo za panya hai na kunywa damu, huku mwenye kibanda akimnadi kuwa ndiye nguvu ya Ujerumani. Grosshahn anamdanganya kwamba Grete alimwona pale akacheka. Jeraha alishalibeba miaka. Kicheko hicho hakibebeki.

Mwandishi Bertolt Brecht naye, katika tamthilia yake Trommeln in der Nacht (Ngoma Usiku) ya 1922, alimtoa askari Kragler kifungoni Afrika, na Kragler akamkuta mchumba wake ana mimba ya mwingine. Nje mapinduzi yanamwita. Yeye anamchukua mwanamke wake, anakwenda kulala. Si shujaa, wala haombi msamaha.

Sasa swali lako, nani? Mimi nasema tuwatazame waliokaa ukumbini. Mwaka 1924, huko Dresden, wazalendo wenye siasa kali walilivuruga onyesho la Hinkemann kwa fujo. Walioshindwa vita hawakutaka kuonyeshwa kidonda chao. Walimtaka yule wa kibandani, na mwishowe wakampata. Tarehe 20 Aprili 1933, siku ya kuzaliwa ya Hitler, Berlin ilionyeshwa Schlageter, tamthilia ya Hanns Johst, mwandishi wa upande wa Wanazi. Shujaa wake anapigwa risasi na Wafaransa akiwa amewapa watazamaji mgongo, na milio inaelekezwa kwao, kama vile inampenya yeye kwanza ndipo iwafikie. Siku 20 baadaye vitabu vya Toller vilitupwa motoni.

Ukija likizo, njoo na nakala yako. Nataka unisomee ile sehemu ya chiriku kwa sauti, polepole.

Mama yako