Maswali na majibu: Kwa nini Kigoma haiko kliya kwenye simuleta ya ndege?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Mwanga, Kigoma. Nimeanza ziara ya dunia kwenye Microsoft Flight Simulator 2020 kwa ndege ndogo ya Cessna 172, na nimeona nianzie uwanja wetu wa hapa nyumbani. Nikipita chini chini juu ya mji, picha haiko kliya. Nyumba za Ujiji zimevaa mapaa ya Ulaya, meli ya Liemba siioni bandarini, na altimita inasoma kama futi 2,700 wakati bado niko ardhini. Tatizo ni kompyuta, bando, au ni mimi? Na nipite wapi nilione ziwa vizuri?

Jibu: Marahaba. Altimita yako ni nzima. Inapima kimo kutoka usawa wa bahari, na nyie huko mko juu: maji yenyewe ya Tanganyika yako mita 773, yaani zaidi ya futi 2,500. Kwa hiyo ukitaka kuruka futi 1,500 juu ya maji, isome 4,000. Wengi wanaozoea kuruka Ulaya au Dar huweka 3,000 wakidhani wako juu, kumbe wanakaribia kugusa mitumbwi.

Kimo hicho kina jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini litakusumbua. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 28, hewa ya Kigoma ni nyepesi kiasi kwamba injini huiona kama iko karibu futi 5,000. Ukiwa umezima msaada wa simuleta unaopanga mchanganyiko wa mafuta na hewa, vuta kidogo ile nobu nyekundu kabla ya kuruka, uangalie mizunguko ya injini ikipanda, kisha uiache hapo. Ukiisukuma yote mbele kama ulivyofundishwa pwani, injini itanywa mafuta mengi na nguvu itapungua, na kilima cha mbele kitakusogelea upesi.

Sasa picha. Fanya jaribio hili: ukiwa juu ya Mwanga, simamisha ndege hewani na usubiri dakika moja. Picha ikiwa kliya yenyewe, tatizo ni mtandao, maana simuleta hii huvuta picha za ramani za Bing kutoka kwenye seva kadiri unavyokwenda. Ikibaki vilevile, hiyo ndiyo picha iliyopo, na hata ununue kadi ya grafiki ya mamilioni haitabadilika. Ni kama picha ya WhatsApp unayoivuta kwa vidole viwili: ukipita kiwango chake unabaki na madoa. Dawa ni kupanda. Ukiwa futi 3,000 juu ya paa, mji unarudi kuwa mji, reli unaiona ikiishia ziwani, na rasi ya Bangwe inajitokeza.

Hayo mapaa nayo yana maelezo. Miji michache duniani imepigwa picha kwa ndege kutoka pande zote, na ndiyo inayoonekana nyumba kwa nyumba. Kwingine kote, kampuni ya Austria iitwayo Blackshark.ai ilifundisha kompyuta itambue paa kwenye picha ya setelaiti na kusimamisha jengo juu yake. Majengo bilioni 1.5 yametengenezwa hivyo. Kompyuta inajua kuna paa. Haijui kama ni la bati au makuti, na wala haijui kwamba nyuma kuna uwanja wenye mwembe. Liemba, iliyozinduliwa hapo Kigoma mwaka 1915, hakuna setelaiti itakayoijenga. Mpaka mtu akae aichore kwa mkono na kuigawa. Kijana wa Kigoma anayejua Blender, programu ya kuchora maumbo, angeweza.

Kwa hiyo mji usiushushie macho sana. Milima ndiyo iliyo ya kweli, kwa sababu maumbo ya ardhi yamepimwa, si ya kukisiwa. Ruka, geukia kaskazini, fuata ufuko kupitia Kibirizi. Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 tu, dakika tano kwa Cessna. Baki juu ya maji, hifadhi ikiwa kulia kwako, na usishawishike kuingia mabondeni: vilele vinapita mita 1,500, na bonde linabana kabla hujapata nafasi ya kugeuza.

Saa ya safari ina uzito kuliko ubora wa picha. Safu ile ya milima inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwake na unachoona ni ukuta mweusi. Weka saa kumi jioni. Mnatumia saa ileile ya Dar ilhali mko mbali magharibi, jua halizami mpaka mnamo saa moja, hivyo una muda wa kutosha wa mwanga wa pembeni unaochora kila korongo. Usiku usijisumbue, taa za wavuvi wa dagaa hazimo, ziwa ni giza tupu.

Kuhusu bando: kinachokula ni mwendo na eneo jipya. Ndege ya jeti ikipita chini inavuta picha nyingi kuliko Cessna. Ongeza ukubwa wa kashe, yaani akiba ya picha zilizokwisha kuvutwa, kwenye mipangilio ya data, ili ukirudia njia ileile picha zitoke kwenye diski. Bando likikushinda kabisa, kuna simuleta nyingine: X-Plane 12 huweka mandhari yake kwenye diski, na FlightGear ni ya bure.

Ukitoka Gombe endelea hadi Bujumbura, kisha ufuate mto Rusizi kupanda hadi ziwa Kivu, ambalo liko mita 690 hivi juu ya Tanganyika. Anza kupanda mapema. Volkano ya Nyiragongo ni mita 3,470, kwa hiyo futi 12,500 zinakutosha kuchungulia kasoko, ingawa Cessna itapanda kwa kujikongoja. Mlima Karisimbi, mita 4,507, iangalie ubavuni tu: kilele chake kiko juu ya uwezo wa ndege yako.