Kabhi Main Kabhi Tum: usimwangalie bwana harusi, mwangalie mama

Dada, umesema umeona sehemu mbili za Kabhi Main Kabhi Tum na hujui uendelee au uiache. Kijana hana kazi, mchana kutwa yuko kwenye gemu, baba anafoka, mama anafoka, na mapenzi yenyewe hujayaona. Ukaongeza kwamba tamthilia za Kipakistani zote ni mama mkwe na machozi. Mimi niliianza ilipotoka, Julai 2024, nikiwa huku Muscat, na baada ya hizo sehemu mbili nilishajua sitaiacha. Nitakwambia kwa nini.

Kwa wasioijua: jina lake ni kama kusema "mara mimi, mara wewe". Ni nyumba ya watu wa kipato cha kati, mjini Karachi, Pakistani. Kuna watoto wawili wa kiume. Adeel ana kazi nzuri, suti imenyooka, ndiye fahari ya wazazi. Mdogo wake, Mustafa, hana kazi na ndoto yake ni kutengeneza gemu za kompyuta, kitu ambacho baba yake hakihesabu kuwa kazi. Adeel ameshamposa Sharjeena, msichana msomi. Halafu, mambo ya harusi yakiwa yameshapamba moto, anamtupa ili amuoe Rubab, tajiri wa kule kazini kwake. Kumuokoa binti na aibu, anaolewa na Mustafa.

Ukisikia hivyo utasema hadithi hii nimeshaiona mara mia. Kweli, ndoa ya kuziba aibu si kitu kigeni kwenye tamthilia za kule. Lakini kilichonishika tangu mwanzo si ndoa. Ni jinsi mapenzi yanavyogawiwa mle ndani kwa kufuata mshahara. Mtazame mama, Shagufta. Akimsemesha Adeel sauti ina asali. Akimgeukia Mustafa, inakauka. Hajifanyi mbaya wala hajui kama anabagua. Anaona anachofanya ndiyo haki, kwa kuwa mmoja analeta na mwingine anakula tu.

Hapo mimi nilisimamisha video nikatoka kwenye baraza.

Kwetu Unguja tulikuwa hivyo hivyo. Kaka yangu mkubwa alikuwa Dubai, analeta pesa kila mwezi. Wa pili alikuwa nyumbani anatengeneza simu za watu kwenye kijimeza kando ya duka la jirani. Kaka wa Dubai akija likizo, mama alimwekea paja la kuku na akatuambia tupunguze sauti kwa kuwa amelala. Yule wa simu alitumwa mkate, alitumwa gesi, na siku maji yakikatika yeye ndiye aliyebeba ndoo. Mama yangu si mtu mbaya, na nampenda. Mimi mwenyewe nilimtuma yule kaka kama mtoto mdogo, ilhali ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka nilipoliona kwenye nyumba ya watu wa Karachi.

Waigizaji wamechangia mno. Mama ni Bushra Ansari, ambaye Wapakistani wanamjua tangu enzi za PTV, televisheni ya taifa lao, kwa kuchekesha. Anajua hasa wapi maneno yatauma, basi hapa anayatumia kuumiza. Baba ni Javed Sheikh, mkongwe mwingine. Hania Aamir ndiye Sharjeena. Sehemu za mwanzo anaigiza kwa utulivu ambao sikuutarajia kwake, analia kidogo kuliko hali inavyoruhusu. Na Mustafa ni Fahad Mustafa, ambaye kwa karibu miaka kumi hakuwa ameigiza tamthilia ya televisheni. Watu walikuwa wakimwona kwenye Jeeto Pakistan, kipindi cha michezo ya zawadi, akigawa zawadi na kupiga kelele na umati. Niliogopa kwamba umri umempita kucheza kijana asiye na kazi. Hofu ilikwisha mapema. Ana namna ya kukaa kimya akitukanwa, anakodoa macho pembeni, kama mtu aliyeyasikia maneno yale yale tangu utotoni na ameyazoea. Kaka yangu wa simu alikuwa akikaa hivyo hivyo.

Mtunzi ni Farhat Ishtiaq, yule yule wa tamthilia ya Humsafar, na mwongozaji ni Badar Mehmood. Tamthilia nyingi za Karachi hupigwa ndani ya nyumba za kukodi, si seti za kujengwa, na hiyo ndiyo sababu jikoni panafanana na jikoni: pembamba, watu wanapishana kwa mabega.

Kuhusu lugha, yaani Kiurdu, usiogope. Kwenye YouTube ya ARY Digital, kituo kilichoionyesha, kuna maandishi ya chini kwa Kiingereza, lakini sikio lako litadaka mengi lenyewe. Wakisema waqt ni wakati, khabar ni habari, dunya ni dunia, aqal ni akili, hisab ni hesabu, mushkil ni mushkili. Hata sarkar yao ndiyo serikali yetu. Mama yangu hajui Kiingereza wala Kiurdu, alikuja kunitembelea akakaa nami sehemu tatu, na alipofika pale Adeel anapovunja posa alisema "mtoto hana haya huyu" kabla sijamtafsiria chochote.

Kasoro zipo. Rubab ameandikwa kwa rangi moja mno, kiburi asubuhi kiburi jioni; tajiri naye ana moyo, na tungeambiwa mapema amekulia kwenye upweke gani. Mbele huko pia kuna sehemu zinavuta miguu. Ila usiipime kwa tamthilia za Kihindi zinazokwenda miaka. Hii ina sehemu 34 tu, ilianza Julai ikaisha mwanzoni mwa Novemba, na sehemu ya mwisho ilionyeshwa hadi kwenye majumba ya sinema Pakistani. Sisi tuliifuata Jumatatu na Jumanne, saa mbili usiku ya Karachi, ambayo Muscat ni saa moja, na ile Julai Maghribi ndiyo kwanza ilikuwa ikiadhiniwa. Wewe huna haja ya kungoja wiki.

Ushauri wangu: usiiamue kwa sehemu mbili. Fika hadi nikahi, kisha tazama siku za mwanzo za ndoa, watu wawili ambao hawakuchaguana wakijifunza kuulizana "umekula?". Mapenzi unayoyatafuta yako hapo. Na wakati huo endelea kumwangalia mama, uone uso wake unavyobadilika kila hesabu ya nyumba inapobadilika.

Usiku ule nilioisimamisha video nilimpigia kaka yangu wa simu. Aliuliza kuna nini, maana mimi humpigia nikitaka kitu. Nikamwambia sitaki kitu. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunisimulia habari za kijimeza chake, tukazungumza mpaka bando langu likaisha.