Santuri za Babu na Chupa ya Spiriti

SWALI: Mhariri, marehemu babu aliniachia santuri za okestra za mizunguko 78 kwa dakika. Je, nizisafishe kwa spiriti kabla ya kuzinakili niwagawie wenzangu? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Spiriti iweke mbali kabisa, kwani santuri hizo zina shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyuka katika alkoholi, ndiyo maana mafundi wa samani huichanganya na spiriti kupata vanishi. Pangusa kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha lebo, kisha ukaushe mara moja. Unapozipiga ili kuzinakili, tumia sindano ya santuri za 78, kwani sindano ya santuri za plastiki za baadaye ni nyembamba mno kwa mifereji (mistari inayobeba sauti) ya santuri hizo. Kwa kuwa upande mmoja wa santuri yenye kipenyo cha inchi 12 hubeba takriban dakika nne au tano tu, simfonia, yaani utungo mrefu wa okestra, hukatwa vipandevipande. Basi, ili vipande vifuatane sawasawa, andika namba za pande zote kabla ya kuwagawia wenzako.