Usitaje Jina la Dawa Kabla ya Kuitenganisha

Mwaka wangu wa kwanza katika maabara ya uchunguzi wa sumu, sampuli zilipokuwa zimerundikana, nilifupisha upimaji wa kromatografia ya kimiminika, yaani kutenganisha dawa kwa kuzipitisha na kimiminika ndani ya mrija uitwao kolamu, hadi dakika 3, nikiamini kwamba spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, ingemaliza kazi iliyobaki. Damu ya dereva mmoja ilionyesha kilele kwenye uzito wa 301 na kingine kwenye 287, nami nikaandika katika rasimu kwamba ni temazepamu na oksazepamu, yaani mabaki ya diazepamu, dawa ya kutuliza, baada ya kuvunjwa mwilini. Mkaguzi wangu aliuliza swali moja tu: mbona nordiazepamu, ambayo nayo hutokana na diazepamu, haimo, ilhali mtu aliyemeza diazepamu kwa kawaida hukutwa nayo, tena hudumu mwilini kwa siku kadhaa? Tuliporudia upimaji kwa muda mrefu zaidi, tulikuta klobazamu, dawa ya kifafa.

Chanzo cha kosa hili kimo ndani ya kemia yenyewe. Klobazamu na temazepamu zina fomula moja, C16H13ClN2O2, na klobazamu inapovunjwa na ini hutoa desmethilklobazamu, ambayo nayo ina fomula ileile ya oksazepamu. Kwa hiyo hata mashine ghali inayopima masi kwa desimali nne haiwezi kuzitofautisha kwa uzito peke yake. Vipande vinavyotokana nazo zikivunjwa ndani ya mashine husaidia, kwa kuwa temazepamu hutoa hasa 255 na klobazamu 259, lakini mimi singemshtaki mtu kwa ushahidi huo bila kolamu kuunga mkono.

Nawasihi basi, ninyi mnaoanza kazi hii, kila asubuhi kabla ya sampuli za kesi pitisheni mchanganyiko wa dawa hizo nne halisi kwenye kolamu ya C18 (aina inayotumika sana), mhakikishe kila jozi yenye fomula moja imeachana kabisa. Zikikaribiana, punguzeni kasi ya kuongeza kiyeyushi kinachozitoa dawa kwenye kolamu, au tumieni methanoli kama kiyeyushi badala ya asetonitrili. Muda wa kutoka kwenye kolamu, vipande viwili na uwiano wa vipande hivyo vikubaliane na dawa halisi iliyopimwa siku hiyohiyo. Wala msikimbilie kromatografia ya gesi bila matayarisho, kwa sababu oksazepamu na temazepamu huharibiwa na joto la mahali pa kudungia sampuli, dawa hizo zisipobadilishwa kwanza kikemia.

Mimi hutumia dakika 12 kwa kila sampuli, hata foleni ikiwa ndefu.